Naogopa kumwambia daktari idadi ya vidonge ninavyomeza

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili. Naumwa kongosho, ule uvimbe sugu. Maumivu huanzia chini ya chembe cha moyo, yakapenya hadi mgongoni. Yakinishika sipati mkao mwingine ila kukaa sakafuni nimejikunja juu ya mto, kidevu kikigusa magoti. Watoto wameshajua kwamba mama akikaa hivyo haulizwi kitu.

Kwa miaka mingi niliambiwa ni vidonda vya tumbo. Nimemeza dawa za vidonda hadi nikazichoka. Kila nikienda na maumivu makali, damu ilipimwa na majibu yakaja safi. Daktari mmoja akanieleza mbele ya mume wangu kwamba huenda ni mawazo. Hatimaye nilipigwa picha ya CT, ndipo mawe yakaonekana ndani ya kongosho. Sijawahi kunywa pombe maishani mwangu, Shangazi, lakini kila daktari mpya swali lake la kwanza ni pombe. Mwingine alimwita mume wangu pembeni akamuuliza kama anaficha chupa nyumbani. Marehemu baba naye aliishi akijishika tumbo. Tulisema vidonda hadi tukamzika.

Sasa nimepewa rufaa kwenye kitengo kinachoshughulika na kongosho tu, wanipime kama nafaa kufanyiwa upasuaji. Barua yao ina orodha ndefu: damu, kinyesi, MRI, kamera, mtaalamu wa lishe, daktari wa usingizi, na mwanasaikolojia. Hapo kwa mwanasaikolojia roho iliniruka. Nikajua tunarudi kwenye habari ya mawazo.

Jambo linalonikosesha usingizi zaidi ni hili. Dawa yangu ya maumivu ni ya jamii ya morfini. Kadi inasema vidonge viwili kwa siku. Siku mbaya nafika sita, na siku mbaya sasa ni nyingi. Kuna wakati naazima kwa mtu. Dada yangu, ambaye naye anasumbuliwa na vidonda vya tumbo, ananiambia nikithubutu kulisema hilo nitaandikwa teja kwenye faili na upasuaji sitaupata ng'o. Anashauri niache vidonge vyote wiki moja kabla ya miadi, niende nikiwa safi.

Mume wangu yeye amechoka kuniona hivi. Anasema nikifika niwaambie waling'oe kongosho lote, yaishe. Mimi mwenyewe sijui niombe nini. Naogopa kuambiwa ndiyo, na naogopa kuambiwa hapana.

Nishauri.
Nimechoka Kujikunja

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari ndefu.

Nianze na vidonge, maana ndivyo vilivyokufanya uandike. Shauri la dada yako ni la mtu anayekupenda, lakini usilifuate. Mwili uliozoea dawa ya jamii ya morfini ukikatiwa ghafla hujibu kwa ukali: jasho, kutetemeka, kuhara, kukosa usingizi, na tumbo kusokota. Tumbo lilelile wanalotaka kulipima! Utafika kwenye miadi ukiwa na maumivu ya aina mbili, na hakuna atakayeweza kuyatenganisha. Dawa hizi hupunguzwa kidogokidogo, kwa mpango wa daktari aliyejua ulianzia wapi.

Halafu fikiria usiku wa kwanza baada ya upasuaji. Daktari wa usingizi ndiye anayepanga dawa utakayotuliziwa mshono, na hesabu yake anaijenga juu ya kile unachomeza sasa. Ukimwambia viwili, atakupangia dozi ya mtu wa viwili. Tumbo limefunguliwa na kushonwa, mwili wako umezoea sita, na wewe unalia usiku kucha huku muuguzi akitazama chati inayomwambia umeshapewa ya kutosha. Anaweza kudhani unadeka. Kinyume chake, daktari akiujua ukweli mapema ana njia nyingi. Anaweza kukuwekea mrija mwembamba mgongoni wa kupitisha ganzi, anaweza kuchanganya dawa za aina tofauti, na anaweza kuanza kukupunguzia wiki kadhaa kabla. Mficha uchi hazai, wahenga walishasema, na kwenye upasuaji wa kongosho huo uchi ni orodha ya dawa.

Kuna sababu nyingine ambayo huenda hujaambiwa. Dawa hizi zikitumika kwa muda mrefu huweza kuwafanya baadhi ya watu wahisi maumivu zaidi badala ya kidogo. Neva huwa nyepesi kushtuka. Pia hulegeza mwendo wa utumbo, ukapata kufunga choo na maumivu ya tumbo yasiyotoka kwenye kongosho kabisa. Timu inapaswa kujua ni kiasi gani cha maumivu yako kinatokana na kongosho na ni kiasi gani kinatokana na dawa, kwa sababu kisu kinaweza kusaidia lile la kwanza tu. Na tafadhali soma boksi la vidonge vyako leo hii. Kama vimechanganywa na parasetamoli, kuongeza vidonge ni kuongeza parasetamoli pia, na ikizidi gramu 4 kwa siku ini ndilo linalolipa. Kwa mtu aliyekonda hata chini ya hapo si salama. Vya kuazima achana navyo kabisa, maana hujui nguvu yake.

Utasemaje mbele ya daktari? Sema hivi tu: “Kadi inasema viwili, lakini siku mbaya nameza hadi sita kwa sababu viwili havinishiki. Naomba msaada wa kuvipunguza.” Teja hajitambulishi hivyo. Kwenye vitengo vya aina hii wagonjwa wanaotumia morfini na ndugu zake ni wengi kuliko wasiotumia, na wanaofanya kazi pale hawatashtuka. Kitakachowashtua ni kugundua idadi ya kweli ukiwa tayari wodini.

Sasa hilo la damu safi. Limekuumiza, nami nataka utoke hapa ukiwa na jibu la kumpa hata huyo aliyesema ni mawazo. Kongosho lililovimba kwa ghafla humwaga vimeng'enya, yaani kemikali zake za kusaga chakula, kwenye damu, na vipimo vya amilesi na lipesi hupanda juu sana. Lakini kongosho lililoungua kwa miaka limebaki na chembe chache za kutengeneza vimeng'enya hivyo. Makovu yamechukua nafasi. Halina tena cha kumwaga. Kwa hiyo mtu mwenye uvimbe sugu anaweza kugaagaa kwa maumivu huku damu yake ikisoma kawaida kabisa. Majibu safi hayakuwa ushahidi wa uzima wako. Na maumivu kupenya mgongoni, na kutulia kidogo ukiinama mbele, yana maelezo yake: kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, limeegemea uti wa mgongo, urefu wake kama sentimita 15, na neva zake zinapita hukohuko nyuma.

Kuhusu pombe, wataendelea kukuuliza. Lijibu swali kwa sauti ileile kila mara, bila kujitetea. Pombe ni chanzo kikubwa, ndiyo maana linaulizwa. Lakini wapo wengi ambao hawajawahi kuigusa: wenye jeni za kurithi, wenye mafuta mengi mno kwenye damu, wenye kalsiamu iliyopanda, wenye mrija ulioziba au ulioumbika vibaya, na wale ambao mwili wao wenyewe unalishambulia kongosho. Hawa wa mwisho wana dalili zinazofanana na nyingine, ila wengi wao hutulizwa kwa dawa za steroidi, bila kisu. Hiyo ni sababu moja ya kupimwa upya kana kwamba hakuna aliyewahi kukupima. Sigara nayo ni chanzo chenyewe hata bila pombe, na huharakisha ugonjwa. Hukuitaja kwenye barua. Kama unavuta, iweke kwenye orodha ya mambo ya kusema, na uombe msaada wa kuacha kabla ya upasuaji, kwa ajili ya kidonda na mapafu pia.

Tuje kwa mwanasaikolojia. Naelewa kwa nini roho iliruka, baada ya kutukanwa mbele ya mumeo. Lakini huyu haitwi kuja kuamua kama maumivu ni ya kweli. CT imeshamaliza ubishi huo. Yeye anaangalia mambo ambayo daktari wa upasuaji hana muda nayo: unalala vipi, una sonona au huna, unaogopa nini, nani atakuwa nawe nyumbani, unategemea upasuaji ukupe nini. Maumivu ya miaka hubadilisha jinsi ubongo na uti wa mgongo vinavyosoma taarifa, hadi mtu akaendelea kuumwa hata chanzo kikiondolewa. Timu inayojua hilo mapema inaweza kuanza kulitibu sambamba. Mueleze pia habari ya vidonge. Na mwambie, kwa maneno hayohayo uliyoniandikia, kwamba unaogopa ndiyo na unaogopa hapana. Hiyo ni taarifa ya maana kuliko unavyodhani.

Vipimo vingine vina maana yake, na ukiijua hutajiona unasukumwa kutoka mlango hadi mlango. CT inaonyesha mawe na makovu. MRI inachora mirija: wa kongosho na wa nyongo, wapi umepanuka, wapi umebanwa. Ile kamera utakayomeza ukiwa umepewa dawa ya kusinzia ina altrasaundi kwenye ncha yake, inalitazama kongosho kutoka ndani ya tumbo kwa karibu sana, na ikibidi inachukua kipande kidogo cha nyama. Watataka kuhakikisha hakuna saratani iliyojificha kwenye uvimbe, kwa kuwa uvimbe sugu huongeza hatari hiyo na picha zake huweza kufanana. Usitishike wakilitaja neno hilo. Kulitafuta ni sehemu ya kazi yao kwa kila mgonjwa.

Kinyesi kinapimwa elastesi, kimeng'enya cha kongosho kinachosafiri hadi mwisho bila kuharibika. Ikiwa juu ya 200 kwa kipimo chao, kongosho bado linamwaga vya kutosha. Ikiwa chini ya 100, limechoka sana. Kama umeshapewa vidonge vya vimeng'enya, endelea navyo, havivurugi kipimo hiki kwa sababu kinatafuta elastesi ya binadamu na dawa imetoka kwa mnyama. Ila usipeleke kinyesi cha majimaji siku unaharisha, maana majibu yatatoka ya chini kwa uongo. Damu itapimwa wastani wa sukari wa miezi iliyopita, na vitamini A, D na E. Mifupa inaweza kupimwa pia, kwa sababu mtu asiyefyonza mafuta hafyonzi vitamini D, na mifupa yake hudhoofika kimyakimya. Mtaalamu wa lishe atauliza kuhusu choo kwa undani ambao unaweza kukutia haya: je, kinaelea, kinang'aa mafuta, kinagoma kuondoka hata ukivuta maji mara mbili? Jibu. Wengi wanaoogopa kula kwa ajili ya maumivu wamekonda mno, na mwili uliokonda huponya mshono kwa shida. Unaweza kuambiwa uongeze uzito kwanza ndipo uitwe. Hapo hujakataliwa, unaandaliwa.

Mumeo. Mwambie namuelewa. Mtu akimwona mkewe sakafuni mwaka hadi mwaka, lazima afikie kusema toa lote. Lakini kongosho lina kazi mbili, na ya pili ndiyo anayoisahau. Mbali na kusaga chakula, linatoa insulini ya kushusha sukari na glukagoni ya kuipandisha. Likitolewa lote, unapata kisukari siku hiyohiyo, tena kisukari kigumu kuliko cha kawaida: huna cha kushusha na huna cha kukuokoa sukari ikianguka. Sindano za insulini maisha yote, vimeng'enya kila mlo maisha yote, na hofu ya sukari kushuka usiku ukiwa umelala. Wapo ambao hiyo ndiyo njia bora kwao. Lakini hufikiwa mwishoni, baada ya kupima, hata kama kwa uchovu inaonekana ndiyo ya kuanzia.

Kwa kawaida daktari huanza kwa kuangalia umbo la ugonjwa, na hapa ndipo ningependa usikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote. Mrija mkuu wa kongosho lenye afya una upana wa milimita 2 au 3 hivi. Kama wako umepanuka, tuseme milimita 5 na kuendelea, na umejaa mawe, kuna upasuaji wa kuupasua kwa urefu, kuyatoa mawe na kuushonea utumbo mdogo juu yake ili majimaji yateremke moja kwa moja. Unaweza kusikia ukiitwa Puestow, au Partington na Rochelle, waliouboresha mwaka 1960. Kama kichwa cha kongosho kimevimba na kuwa donge, kutoboa mrija tu hakutoshi, kwa hiyo huchimbwa sehemu ya kichwa: upasuaji wa Frey, ambao huchanganya kuchimba na kuunganisha utumbo, au wa Beger. Ule wa Whipple ni mkubwa zaidi. Huondoa kichwa chote, sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, mfuko wa nyongo na mwisho wa mrija wa nyongo, kisha huunganishwa upya kila kitu. Ugonjwa ukiwa mkiani, hukatwa mkia, mara nyingi pamoja na wengu. Wakigusia wengu, uliza chanjo, kwa sababu asiye na wengu hupata maambukizi makali kirahisi na chanjo hizo hutolewa vizuri zaidi angalau wiki mbili kabla ya upasuaji.

Lakini wewe una jambo ambalo huenda hujaliona uzito wake: baba. Mtu asiyekunywa, aliyeanza kuumwa akiwa kijana, na mzazi aliyekufa akijishika tumbo, ni historia inayomfanya daktari wa kongosho aweke kalamu chini na kusikiliza. Mwaka 1996 watafiti walibaini kwamba hitilafu kwenye jeni ya PRSS1 hurithishwa na kusababisha uvimbe wa kongosho katika familia. Nyingine zimejulikana tangu hapo, kama SPINK1 na CFTR. Uliza waziwazi kama utapimwa jeni kabla ya kuamua upasuaji. Ni muhimu kwa sababu ugonjwa wa kurithi umeenea kongosho zima, na kushughulikia sehemu moja kunaweza kukutuliza kwa muda tu. Kwa watu wa namna hiyo timu nyingine hufikiria kutoa kongosho lote na kuokoa chembe za insulini: kongosho hupelekwa maabara, chembe hizo hutenganishwa, kisha hurudishwa mwilini kupitia mshipa unaoingia kwenye ini, zikaishi huko. Ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1977 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Takribani theluthi moja ya wagonjwa huweza kuishi bila sindano za insulini, theluthi nyingine hubaki na kiasi fulani cha insulini yao, na wengine huhitaji sindano kikamilifu. Vituo vinavyoweza kuifanya ni vichache. Tatizo ni kwamba upasuaji wa zamani wa kupasua mrija hupunguza chembe zitakazovunwa baadaye. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: “Mkinifanyia huu wa leo, mlango gani utafungwa kesho?”

Ungeweza pia kujiuliza kama usubiri. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kuanza na dawa, halafu kamera ya kuingia kwenye mrija kuondoa mawe na kuweka kijirija cha kupanua, na kisu kuwa cha mwisho kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwalinganisha wagonjwa 39 wenye mrija ulioziba: baada ya miaka miwili, nafuu iliwafikia asilimia 75 ya waliopasuliwa na asilimia 32 ya waliotibiwa kwa kamera. Mwaka 2020 ukafuata mwingine kutoka Uholanzi, wa wagonjwa 88, na ukaonyesha kwamba waliopasuliwa mapema walikuwa na maumivu kidogo zaidi kwa wastani katika miezi 18 kuliko walioanza na dawa na kamera. Si wote walipona. Nilichokipata humo ni kwamba kuvumilia miaka mingine mingi kwa ajili ya woga wa kisu kuna gharama yake, kwa sababu neva huzidi kuzoea kuumwa na morfini huzidi kupanda. Kama umbo la kongosho lako linaruhusu, usiombe kuahirishwa ili tu roho itulie.

Wala usidhani ni kisu chepesi. Mahali palipounganishwa panaweza kuvuja, na vimeng'enya vya kongosho vikimwagika ndani huunguza kila vinachogusa. Kuna damu kuvuja, maambukizi, na tumbo kugoma kupitisha chakula kwa siku kadhaa. Kwa kawaida utakaa hospitali wiki moja hadi mbili kama mambo yamekwenda sawa, na nguvu zitarudi kwa miezi. Kisukari kinaweza kuja baadaye hata pale waliposaza kongosho. Ndiyo maana unapaswa kuuliza, bila haya, kitengo hiki hufanya upasuaji wa kongosho mara ngapi kwa mwaka. Wanaofanya mara nyingi wana vifo vichache. Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Halafu kuna kikao ambacho wewe hutakuwemo. Daktari wa upasuaji, wa mmeng'enyo wa chakula, wa picha, wa usingizi, wa maumivu, lishe na kisukari hukaa pamoja na kuangalia faili lako. Uamuzi hutoka pale, haufanywi siku ya kwanza ukiwa kitandani umevaa gauni la hospitali. Kwa hiyo peleka sauti yako kwa karatasi. Andika ukurasa mmoja: maumivu yanaanza vipi, yanakaa muda gani, kinachoyachochea, dawa zote kwa idadi ya kweli, uzito ulivyoshuka, habari ya baba, na sentensi moja ya unachokitaka maishani. Si “nipone”. Andika kitu kama kuweza kula bila woga, kurudi kazini, kukaa kitini na watoto. Mwombe muuguzi wa kitengo akiweke kwenye faili. Mumeo aje nawe, na kazi yake siku hiyo iwe kuandika majibu. Ya kung'oa atayasema nyumbani.

Jibu likiwa hapana, muulize kwa sababu gani na kwa muda gani. Kuna hapana ya “ongeza uzito kwanza”, kuna ya “punguza dawa kwanza”, na kuna ya “mrija wako ni mwembamba, kisu hakitakusaidia”. Hiyo ya tatu ni ngumu kuisikia, lakini ni afadhali kuliko kupasuliwa bure. Bado kuna madaktari wa maumivu, dawa za kutuliza neva, sindano ya ganzi kwenye fundo la neva la tumboni ambayo nafuu yake mara nyingi ni ya muda, na kurudiwa kupimwa hali ikibadilika.

Wakati unasubiri, kama umepewa vimeng'enya, vimeze pamoja na chakula: kimoja unapoanza, vingine katikati. Wengi huvimeza tumboni mkiwa hamna kitu halafu wanasema havifanyi kazi. Ukipata homa, macho kuwa ya njano, kutapika hadi maji hayakai, au maumivu yasiyofanana na yale unayoyajua, nenda hospitali siku hiyo, usingoje tarehe ya rufaa.

Na mwisho, dada yako. Umeandika kwa kupita kwamba naye ana vidonda vya tumbo. Baba alikuwa na vidonda, wewe ulikuwa na vidonda, naye ana vidonda. Muulize kama kuna aliyewahi kuviona hivyo vidonda kwa kamera, au ni jina alilopewa dirishani pamoja na dawa. Jeni ya PRSS1 ikipatikana kwako, yeye ana nafasi sawa ya kuwa nayo au kutokuwa nayo, na kila mtoto wako vivyo hivyo. Watoto wasio na dalili hawapimwi haraka bila ushauri wa wataalamu wa jeni, kwa hiyo usianze kuwahangaisha. Dada ni mtu mzima mwenye dalili. Akikupeleka kwenye miadi, akae ndani msikilize pamoja.